Kicheko Kinachomngoja Charmayne

Kitu cha kwanza anachokiona mtu kwa Ernestine Bilagody ni saa zake. Huvaa mbili, moja kila mkono. Ya kushoto ni ya Tuba City, upande anakoishi. Ya kulia ni ya Moenkopi, anakofua mashuka ya nyumba ya wageni. Kati ya miji hiyo miwili kuna barabara moja tu ya lami. Lakini Wanavaho, wenyeji wa asili wa Tuba, husogeza saa zao mbele kwa saa moja kila Machi na kuzirudisha Novemba, na Wahopi, wenyeji wenzao wa Moenkopi, hawazisogezi ng'o, kwa hiyo kuanzia Machi mpaka Novemba Ernestine hutoka kazini saa tisa alasiri na kuingia kwake saa kumi na robo, ilhali mwendo wenyewe ni wa dakika kumi na tano. Amezoea. Amevaa saa mbili tangu ujana wake na hajawahi kuchelewa kazini hata siku moja.

Tangu Januari mwaka huu ana saa ya tatu. Hiyo imetundikwa jikoni, juu ya jiko la kuni, na kila asubuhi, kabla ya kuchemsha kahawa, Ernestine hupanda kiti na kurudisha mishale yake nyuma dakika arobaini.

"Shuka huko, utavunjika nyonga," mumewe, Wilbert, humwambia.

"Na nikivunjika, nani ataisogeza? Wewe?"

"Mimi ningeiacha. Watu wa Mirihi wakiitaka saa yao, waje waichukue."

Siku ya sayari ya Mirihi inaizidi yetu kwa dakika arobaini kasoro kidogo. Muda huo si kitu. Ni wa kukanda unga na kuuacha upumzike. Lakini binti yao Charmayne yumo katika kundi la wahandisi huko Pasadena, California, wanaokiongoza chombo kilichotua Mirihi mwezi huo wa Januari. Chombo kinafanya kazi mchana wa huko na kulala usiku wa huko, na kinapolala ndipo watu wake huketi kukipangia kazi za kesho. Kwa hiyo usiku wa Mirihi ukichelewa dakika arobaini, nao huingia kazini wamechelewa dakika arobaini, kila siku, mpaka asubuhi yao inakuwa jioni na jioni yao inakuwa alfajiri. Walikubaliana kuishi hivyo kwa siku tisini za mwanzo, kisha warudi kwenye saa za watu wote.

Charmayne ana mtoto. Leander alizaliwa mwishoni mwa Novemba, na baba yake alikuwa ameshaondoka, habari zake zinaishia hapo. Alipofikisha wiki saba, mama yake alimfunga kwenye gari, akaendesha kwa muda wa saa tisa, akamleta kwa bibi yake.

"Nimepiga simu vituo kumi na kimoja vya kulelea watoto," alisema siku ile, amekaa jikoni bila kuvua koti. "Wote wananiuliza, utamleta saa ngapi? Nikisema leo saa mbili asubuhi, kesho saa mbili na dakika arobaini, keshokutwa saa tatu na dakika ishirini, wanakata simu."

"Na ile wiki ya kumleta saa tisa usiku?" Wilbert akauliza.

"Hapo ndipo wananiuliza kama ninakunywa, Baba."

Wakacheka wote watatu.

"Siku tisini si nyingi, mwanangu," Ernestine akasema.

"Tisini za kule, Mama. Za hapa ni tisini na mbili na nusu."

Ajabu ni kwamba tisini hazikumuuma Ernestine. Zilimuuma zile mbili na nusu, ambazo hakuna aliyezitaja wakati wa kuomba kazi.

Asubuhi ya kuondoka, Charmayne alisimama mlangoni pa gari akiwa na funguo mkononi. Alikuwa amembusu mtoto mara nne na sasa hakutaka kumgusa tena.

"Mama, asicheke."

"Unasemaje?"

"Leander. Asicheke kabla yangu. Tafadhali."

Hakuhitaji kueleza. Kwa Wanavaho, kicheko cha kwanza cha mtoto hakipiti hivi hivi. Siku mtoto anapocheka kwa sauti mara ya kwanza, ndipo anapohesabiwa kuwa ameamua kukaa na watu. Aliyemchekesha huandaa karamu kwa niaba yake, na mtoto, mkono wake ukiwa umeshikwa, humgawia kila mgeni chembe ya chumvi na chakula, ili akue mkarimu. Na inasemekana mtoto huchukua tabia ya yule aliyemchekesha. Anabaki nayo.

Ernestine analijua hilo kwa uchungu wake mwenyewe. Charmayne alipokuwa na miezi mitatu, mama yake alikuwa mji wa mbali, Phoenix, akifagia maofisi, akirudi nyumbani mara moja kila majuma mawili. Aliyemchekesha mtoto alikuwa dada yake Bernadine, mwanamke wa safari, asiyeweza kukaa mahali mpaka majani yaote. Ernestine alirudi akaikuta karamu imekwisha na chumvi yake imewekwa kwenye kikombe. Tangu hapo, kila Charmayne alipofunga mzigo kwenda shule ya mbali, kisha chuo cha mbali zaidi, watu wa ukoo walisema: huyo ana miguu ya Bernadine. Ernestine aliitikia kwa kutabasamu. Katika miaka ishirini na saba hajamwambia mtu kwamba angetoa chochote akirudishe kicheko kile.

Kwa hiyo alimjibu binti yake, "Nitamchunga."

Nyumba yao iko bondeni, simu haishiki. Ili kuongea na Charmayne ni lazima kupanda gari hadi kilimani, karibu na tangi la maji, na kungoja vijiti vya mtandao vitokee. Charmayne hupiga kabla ya kuingia kazini, maana simu huachwa nje ya chumba cha kazi. Alimwachia mama yake orodha ya saa za kupiga, siku kwa siku, na Ernestine akaihamishia kwenye kalenda ya jikoni kwa kalamu nyekundu. Siku nyingine saa yenyewe iliangukia mchana akiwa kazini, siku nyingine iliangukia usiku na hakuna aliyempandisha mtoto kilimani kwenye baridi.

Lakini kulikuwa na siku nzuri. Charmayne alipenda kuwasimulia mambo ya kazini, nao walipenda kuisikia sauti yake ikipata joto.

"Mwaka wa Mirihi una siku mia sita themanini na saba zetu," alisema siku moja. "Leander hajamaliza hata sehemu moja ya saba."

"Na mimi?" Ernestine akauliza. "Hamsini na nane?"

"Ngoja. Thelathini na moja kasoro."

Wilbert akaichukua simu. "Mwanangu, nitafutie nyumba huko. Niandikie thelathini na tatu."

"Huko hakuna kondoo, Baba."

"Basi futa."

Ernestine aliyapeleka mambo hayo kazini. Mwenzake wa kufua ni Vernita Lomayesva, Mhopi, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi, na wametaniana kwa miaka kumi na minne kuhusu saa ya nani ndiyo ya kweli.

"Zuhura," Ernestine alimwambia wakikunja shuka, kila mmoja ameshika pembe zake, "hujizungusha mara moja kwa siku mia mbili arobaini na tatu. Lakini jua hulizunguka kwa siku mia mbili ishirini na tano."

Vernita akasimama na pembe zake. "Yaani haijamaliza kugeuka, mwaka umekwisha?"

"Ndivyo."

"Hao watakuwa Wanavaho. Mmesogeza saa mpaka mmeharibu."

"Na Mshtarii, siku nzima haifiki saa kumi. Jua linazama kabla hujasema umeamka."

"Huko mimi siendi, dada. Mashuka hayatakauka."

Ernestine alicheka mpaka akaachia pembe zake. Lakini alipokuwa akirudi nyumbani jioni hiyo aliwaza kwamba sayari hizo hazikuwa mbali kama alivyodhani. Alikuwa na mtoto mmoja tu, na mtoto huyo alikuwa anamzunguka. Wiki hii Charmayne alikuwa anakula chakula cha jioni mama yake akiamka. Wiki ijayo angekuwa analala mama yake akianika nguo. Ilichukua siku thelathini na sita au saba hivi mpaka saa zao zikutane tena, na zilipokutana, hazikukaa.

Zilikutana mwishoni mwa Februari. Kwa siku tatu Charmayne alipiga simu kati ya saa nne na saa tano na robo asubuhi, saa ambayo Leander hushiba na kufurahi. Ernestine aliomba ruhusa kazini. Walikunywa kahawa pamoja, mmoja kilimani na mwingine Pasadena, na ilikuwa kana kwamba binti yake yuko chumba cha pili. Charmayne alikunja pua, akapuliza mashavu, akaimba. Leander alikitazama kioo cha simu kwa makini sana, akatabasamu. Sauti haikutoka.

"Bado ni mdogo," Ernestine alisema.

"Kesho ni saa tano na dakika hamsini na tano," Charmayne akajibu. "Atakuwa amelala."

Na alikuwa amelala.

Kosa lilitokea Machi, siku iliyofuata Jumapili ya kusogeza saa. Kosa lenyewe ni la watu wa Tuba tu. Mtu wa mahali pengine asingelifanya. Charmayne ni mtoto wa hapa. Alipoandika orodha yake mwezi Januari alikumbuka kwamba Machi nyumbani watasogeza saa, akaiongeza saa hiyo moja kwenye kila siku inayofuata. Ernestine naye, aliyeishi maisha yake yote kwa kuongeza na kupunguza saa moja, aliisoma orodha, akaona imeandikwa saa kumi na moja na nusu jioni, akasema moyoni, hii imeandikwa Januari, akaongeza saa moja. Hakuna aliyesahau. Walikumbuka wote wawili.

Walifika kilimani saa kumi na mbili na dakika kumi, mapema ili mtoto azoee upepo. Simu ilipopata mtandao, ililia mfululizo. Charmayne alikuwa amepiga mara tisa. Ujumbe wa mwisho ulisema: Mama, mko wapi? Naingia sasa.

Ernestine alizitazama saa zake, ya kushoto, kisha ya kulia. Kisha akaelewa, akakaa kwenye ngazi ya gari na mtoto mapajani. Alipiga. Simu ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena.

Wakati huo upepo ukainyakua kofia ya Wilbert. Ni kofia nyeusi ya ukingo mpana, anaipenda kuliko farasi wake. Ikaviringika juu ya mawe kama gurudumu. Wilbert akaikimbilia, ana miaka sitini na miwili na goti moja bovu, akaruka juu yake, akaikosa, akaanguka kwa matako, akaitukana. Ikasimama. Akanyatia. Ikaondoka tena.

Leander aliona yote. Ernestine aliusikia mwili mdogo ukikakamaa mikononi mwake. Tumbo la mtoto likaanza kutetemeka, mdomo ukafunguka, na kutoka kooni ikaja sauti ndogo, ya maji yanapoanza kuchemka.

Akamgeuza haraka, akamfunika uso kwa kifua chake, akaanza kumpigapiga mgongoni. "Bado, mwanangu. Bado, bado. Babu huyu si wa kuchekwa, ni mzee, ana goti."

Mtoto alishtuka, akalia. Ernestine hakuwahi kufurahia kilio namna hiyo, wala hakuwahi kuona haya namna hiyo kwa kumliza mtoto.

Wilbert akarudi akihema, kofia mkononi. "Amecheka?"

"Hajacheka. Ingia ndani ya gari. Na usinitazame hivyo."

"Ernestine. Nimesikia kitu."

"Umesikia upepo."

Kesho yake walikuwa kilimani saa moja kamili kabla ya wakati, na Charmayne alipopiga, mama yake alimweleza kila kitu bila kujitetea. Upande wa pili akasikia pua ikivutwa.

"Yuko karibu, eh?"

"Karibu sana. Siku tano, sita. Baba yako akipiga chafya, basi."

"Mama, wewe mchekeshe. Sitakasirika. Wewe ndiye unayemlea. Akichukua tabia yako nitashukuru."

Ernestine aliitazama nyika, nyekundu hadi mwisho wa macho. Ilikuwa ruhusa aliyokuwa akiitamani bila kujikubalia. Angeipokea, na asingelaumiwa na mtu. Akamfikiria yule mwanamke wa miaka thelathini na moja aliyekuwa akifagia ofisi huko Phoenix, na hakuna aliyemngoja.

"Mimi zamu yangu ilinipita kwako," akasema. "Huyu ni wako. Nitamzuia hata kama nitamlaza kwenye gunia. Lakini njoo."

Akasikia karatasi zikigeuzwa upande wa pili. Kisha: "Nina siku tatu za mapumziko kuanzia Ijumaa."

"Siku za wapi?"

"Za Mirihi. Kuna karibu saa mbili za nyongeza, Mama, nimezipata bure. Ijumaa nitalala, Jumamosi alfajiri niko njiani."

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa kama ina msiba. Wilbert alikatazwa kuvaa kofia, kuimba, na kuzungumza na kondoo, maana ana namna yake ya kuzungumza nao. Mtoto akiwa macho, yeye alikaa amevaa miwani ya jua na kitambaa kimefunika pua hadi kidevu.

"Nikifa hivi," alilalamika, "watasema nilikuwa jambazi."

"Usiniambie mimi maneno ya kuchekesha. Ana masikio."

Alhamisi Vernita alileta mikate ya piki, myembamba kama karatasi, ya karamu. Leander aliyaona masikio yake yenye hereni za bluu zinazoning'inia, macho yakamtoka. Vernita akageuka papo hapo, akaongea na ukuta.

"Ukuta, hujambo? Nimeleta mkate. Mwambie dada yangu nauweka mezani na ninaondoka kinyumenyume."

"Nenda," Ernestine alisema, amejibana mbavu. "Nenda, Vernita, utaniua."

Ijumaa walichinja kondoo.

"Unakichinjia kondoo kicheko ambacho hakijatoka?" Wilbert aliuliza kupitia kitambaa chake.

"Nashukuru kwamba hakijatoka. Shika miguu."

Leo ni Jumamosi. Nyama iko motoni tangu asubuhi, unga umepumzika na kuumuka, chumvi ya mawe imepondwa na kuwekwa kwenye bakuli. Majirani wameambiwa waje, ila wasije kabla ya kuitwa. Leander aliamka saa nane akashiba, na tangu hapo yuko katika hali ambayo bibi yake anaiogopa: anatazama kila kitu kana kwamba kila kitu ni kichekesho kilichosimuliwa vizuri. Amemtazama mbwa. Ameutazama moshi. Mara mbili ile sauti ya maji imepanda kooni, na mara mbili Ernestine amemnyanyua na kumtembeza kuzunguka zizi kwa uso wa hakimu.

Saa tisa na nusu, vumbi linaonekana kwenye barabara ya changarawe.

Huenda ni gari la maji. Huenda ni jirani asiyesikia maagizo. Ernestine anasimama mlangoni, mtoto ameegemezwa begani kwake, na moyo wake unapiga kama wa msichana. Vumbi linafika kwenye mti mkavu, halinyooki kuelekea kwa majirani, linakata kushoto. Ni gari dogo la kijivu, lenye matope ya majimbo mawili.

"Ndiye," anasema Wilbert, na mkono unamwenda kwenye kitambaa.

"Usikivue. Bado."

Gari linasimama kwenye geti la mifugo, hatua mia moja hivi kutoka nyumbani. Mlango unafunguka. Charmayne anashuka ili afungue geti, nywele zimesimama upande mmoja kwa usingizi, amevaa soksi zisizofanana, na mnyororo wa geti umeng'ang'ana kama kawaida yake. Anauvuta. Anaupiga teke. Anaangalia juu, anawaona, anaacha mnyororo, na kuanza kupanda juu ya geti lenyewe, mguu mmoja huku, mguu mwingine kule, suruali imenasa.

Tumbo la Leander linaanza kutetemeka.

"Kimbia, mwanangu!" Ernestine anapiga kelele. "Kimbia!"

Na kwa mikono yote miwili anamgeuza mtoto aelekee getini, anamnyoosha mbele kadiri mikono yake inavyofika, na kuzuia pumzi.